Kileleni Hakuna Kibanda

Dominika ya Pili ya Kwaresima
Injili: Mathayo 17:1-9



Kila mwaka, ifikapo Dominika ya Pili ya Kwaresima, Mama Kanisa hutupandisha mlimani. Injili tuliyoisikia leo inatuonyesha mitume watatu, Petro, Yakobo na Yohane, wakiandamana na Bwana kwenda juu. Huko wanamwona katika utukufu ambao macho yao hayajapata kuuona. Petro, kwa furaha iliyomzidi kimo, anatoa shauri la kujenga vibanda vitatu ili wakae palepale. Lakini wingu linawafunika, sauti inasikika, na muda si mrefu wanajikuta wakiteremka njia ileile waliyoipanda, wakirudi kwenye umati wa watu, kwenye wagonjwa, na hatimaye kwenye Msalaba wa Yerusalemu. Shauri la Petro halikujibiwa hata kwa neno moja.

Injili haikuutaja mlima huo kwa jina. Mapokeo yanautaja Tabor, mlima wa Galilaya ambao kimo chake hakifiki mita 600 juu ya usawa wa bahari. Wasikilizaji wetu wa Moshi mjini huenda wakashangaa wakiambiwa kwamba wao, wakiwa wameketi barazani mwao asubuhi hii, wako juu kuliko kilele cha Tabor. Mwenyezi Mungu ametujalia sisi mlima wenye kimo cha mita 5,895, na wengi wetu tumeuzoea kiasi cha kutouangalia tena. Tunauona kwenye noti, kwenye chupa na kwenye mabango, tukidhani kwamba tumeuona. Leo tungependa kuupanda kwa fikira, hatua kwa hatua, mpaka juu ya Kibo, tupate kuelewa kwa nini Petro hakuruhusiwa kujenga kibanda chake.

Tuanze na umbo lake. Mlima Kilimanjaro uko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, nao kwa kweli ni milima mitatu iliyozaliwa na moto wa volkano kwa nyakati mbalimbali, ikaungana miguu. Upande wa magharibi uko Shira, mkongwe kuliko wote, ulioporomoka na kulika hata ukabaki kuwa uwanda mpana wenye kimo cha karibu mita 4,000. Upande wa mashariki uko Mawenzi, wenye mita 5,149, uliochanikachanika ukawa na meno kama msumeno. Katikati uko Kibo, mdogo kwa umri na mkubwa kwa kimo, na juu ya ukingo wa kasoko yake ndipo mahali palipoinuka kuliko pote barani Afrika. Wazee wa Kichagga huwasimulia wajukuu wao kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, na kila alipopewa akauacha uzimike ili apate kisa cha kurudi. Mwisho Kibo alichoka, akatwaa mchi akamtwanga nao, na ndiyo sababu Mawenzi ana makovu mpaka leo. Hadithi hiyo huwachekesha watoto, lakini inatujulisha kwamba watu wa mlimani tangu kale waliutazama mlima kama jirani mwenye jambo la kuwaambia.

Sasa tupande. Anayeanza safari kwenye tambarare ya Moshi huanza katika joto, kati ya mashamba ya miwa na mahindi. Akifika mita 1,000 hivi anaingia katika vihamba, ambako migomba na mibuni hukaa pamoja kivulini, na maji hupita katika mifongo iliyochimbwa na mababu kwa jembe na kwa akili nyingi, bila chombo chochote cha kupimia isipokuwa jicho. Karibu na mita 1,800 anaaga nyumba za watu na kuingia msituni. Hapo miti ni mirefu, imevikwa kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu za wazee, na ukungu huingia na kutoka kama waumini mlangoni pa kanisa. Baada ya mita 2,800 hivi miti mikubwa huisha. Huja vichaka na nyasi, na mimea ya ajabu kama lobelia, ambayo hufunga majani yake usiku kukinga kichipukizi chake kisigandishwe na baridi, kisha huyafungua asubuhi jua likichomoza. Kuanzia mita 4,000 ni jangwa la mawe na vumbi. Na kutoka mita 5,000 kwenda juu ni mawe, majivu na barafu.

Katika safari hiyo ya siku tano au sita mtu amevuka hali za hewa ambazo mwingine angezikuta kwa kusafiri kutoka ikweta mpaka karibu na ncha ya dunia. Kila mita 1,000 anazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Wastani wa joto la mwaka mjini Moshi ni nyuzi 23 hivi. Juu ya Kibo ni nyuzi 7 chini ya sifuri. Hata msimu si wa mwaka tena, ni wa kutwa: mchana jua huchoma ngozi, usiku maji huganda chupani. Na hewa yenyewe ni nusu tu ya ile tunayoivuta pwani. Mtu hupiga hatua moja akapumzika kama aliyebeba gunia, kichwa kinamgonga, chakula hakipiti. Ndiyo maana wanaoongoza wageni hawachoki kusema pole pole, pole pole, nao husema hivyo hata kwa kijana mwenye nguvu, kwa kuwa mlima huwaangusha wenye haraka kabla ya wadhaifu.

Watoto wetu wa mafundisho huuliza swali zuri: kama kupanda ni kulikaribia jua, mbona huko juu ni baridi? Jibu ni hili. Kwa sehemu kubwa jua haliipashi hewa moto moja kwa moja; huipasha ardhi, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa iliyo juu yake. Hewa ya chini ni nzito na yenye unyevu, hulishika joto kama blanketi. Hewa ya kileleni ni nyepesi na kavu, haina cha kushikia. Jua linawaka pale kwa ukali kuliko popote, lakini joto lote linapotea. Tulitafakari jibu hilo, wapendwa, tunaokaa karibu na altare. Mtu anaweza kukaa maisha yake yote karibu na mwanga, akashika vitabu vitakatifu, akavaa kanzu, akapiga kengele, naye akabaki na moyo wa barafu, kwa sababu ndani yake hamna kitu kinacholishika joto. Kitu hicho ni upendo kwa jirani, na upendo huo hukaa chini, waliko watu.

Tufike sasa kileleni kwenyewe. Tunakuta kasoko yenye upana wa kilomita mbili hivi, ndani yake kasoko nyingine iliyopewa jina la Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyeupanda mlima huu mara nyingi, na ndani ya hiyo shimo la majivu lenye kina cha zaidi ya mita 100, ambako harufu ya kiberiti bado husikika. Kando yake zimesimama kuta za barafu. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna kisima. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hakuna hata mvua ya maana. Msitu wa upande wa kusini hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kilele hakifikishi milimita 200, na karibu zote ni theluji. Dodoma, ambayo sote tunaiita kavu, hupata zaidi ya maradufu ya kiasi hicho. Ukisimama juu ya Uhuru umesimama katika jangwa.

Sababu yake ni pepo za Bahari ya Hindi. Huja zimebeba unyevu, zikagonga mlima, zikalazimika kupanda. Zinapopanda hupoa, na zinapopoa huutua mzigo wake. Mzigo huo huangukia mbavu za mlima, katika msitu, na kwa hiyo pepo zinazofika kileleni ni pepo zilizokwisha kugawa mali yao. Ukiangalia mlima saa za adhuhuri utaona wingu limeuzunguka kiunoni kama khanga, na juu ya wingu kichwa kitupu kinang'aa juani. Kilichomo ndani ya lile wingu hatukioni, lakini ndicho kinachotunywesha.

Hapa ndipo pana fundisho letu la kwanza, nalo ni kwamba kinachong'aa na kinacholisha vyaweza kuwa vitu viwili tofauti. Barafu ya Kibo imesifiwa na ulimwengu mzima. Watu huvuka bahari kuja kuipiga picha. Na barafu hiyo inakwisha. Mwaka 1912 ilifunika eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Ilipopimwa mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya mbili, maana yake asilimia 85 hivi ilikuwa imetoweka. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya milima ya Afrika, pamoja na ya Kilimanjaro, yaelekea itakuwa imetoweka ifikapo mwaka 2050. Wataalamu wanaeleza kwamba tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya huko juu imekuwa kavu zaidi, mawingu na theluji vimepungua, na jua linaikausha barafu hata ikageuka mvuke bila kupitia maji. Pamoja na hayo dunia nzima inazidi kupata joto. Watoto wanaobatizwa mwaka huu huenda wakawaeleza watoto wao kwamba hapo zamani mlima ule ulikuwa mweupe.

Ni haki kusikitika. Lakini tuseme kweli yote, kwa kuwa mwalimu wa dini hapaswi kufundisha nusu ya kweli. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Walioyachunguza maji ya mlima wanatuambia kwamba barafu huchangia mito kwa kiasi kidogo mno. Maji yetu hutoka msituni. Miti ndiyo inayoukamata ukungu na kuudondosha tone kwa tone. Majani makavu na kuvumwani ndizo zinazoyashika maji ya mvua kama sifongo. Kisha maji huzama katika mawe yenye vinyweleo yaliyoachwa na volkano, na kutokea tena chini kabisa katika chemchemi kama zile za Miwaleni. Kutoka hapo, pamoja na maji ya Meru, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na Mto Pangani huyachukua mpaka baharini, ukizungusha njiani mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani. Upande wa kaskazini mlima huuohuo huzilisha chemchemi na madimbwi ya Amboseli, wanakonywa tembo na ng'ombe wa majirani zetu wa Kenya.

Kwa hiyo yule anayeililia barafu jioni, na asubuhi anaingia msituni na msumeno, hajui anachokililia. Anayewasha moto kufukuza nyuki, au kuotesha majani mabichi kwa mifugo, akauacha ukapanda juu, ameharibu kisima cha watu asiowajua. Mwezi Oktoba mwaka 2020 sote tuliona moto ukiwaka usiku juu ya mlima kwa siku nyingi, na mamia ya watu, wengi wao vijana wa kawaida, wakipanda kwenda kuuzima kwa matawi na kwa mikono. Moto ule haukuigusa barafu. Uliunguza vichaka vinavyokinga ukungu, na hasara ya namna hiyo hulipwa na mkulima wa tambarare miaka mingi baadaye, mfongo wake unapoleta matope badala ya maji.

Na katika parokia zetu ni hivyohivyo. Tunayo barafu yetu inayong'aa: mnara mpya, sherehe za jubilei, kwaya yenye sare, jina la mfadhili juu ya ubao wa marumaru. Si vibaya. Lakini parokia hainyweshwi na hivyo. Hunyweshwa na yule mama wa jumuiya ndogo ndogo anayempelekea uji mgonjwa wa jirani bila mtu kujua, na yule katekista wa kigango cha mbali anayetembea saa mbili kuwafundisha watoto saba, mara nyingine akiwakuta watatu. Wao ndio msitu uliofichwa na ukungu. Tone lao moja halionekani, lakini haba na haba hujaza kibaba. Mkiona parokia inayojivunia mnara wake huku katekista wake amekata tamaa, jueni kwamba msitu unaungua, hata kama kilele bado kinang'aa.

Fundisho la pili linahusu ushuhuda. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akitokea pwani, aliuona mlima wetu kwa mbali na kitu cheupe juu yake. Alimwuliza aliyemwongoza njia kile cheupe ni nini, naye alikitaja kwa neno moja tu: baridi. Mtu yule hakuwa na neno la theluji, lakini alijua jambo lenyewe. Wenyeji walikuwa na habari za watu waliokwenda kuichukua ile fedha inayong'aa, wakateremka nayo, wakakuta imegeuka maji. Rebmann aliandika Ulaya akasema kwamba ameona theluji karibu na ikweta. Huko London msomi mmoja, William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani ambaye hakuwahi kuukanyaga mlima wenyewe, alimkanusha hadharani, akasema hilo haliwezekani. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka 10, mpaka Karl Klaus von der Decken alipofika mwaka 1861, na tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, akapanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikamwangukia.

Wapendwa makatekista, wahenga walisema kusikia si kuona. Cooley alikuwa na vitabu vingi kuliko Rebmann, na Rebmann alikuwa na vitabu vingi kuliko kiongozi wake wa njia. Lakini ukweli ulikuwa na nguvu zaidi kadiri unavyomkaribia aliyeishi chini ya mlima. Mtume Petro, katika waraka wake wa pili, anapotaka kuwatia moyo Wakristo hatumii hoja za werevu: anawaambia kwamba walikuwapo mlimani, waliona kwa macho yao na kusikia kwa masikio yao. Ninyi nanyi, mnapofundisha juu ya sala, fundisheni kama watu wanaosali. Mnapofundisha juu ya kusamehe, mtoto atawaangalia usoni kujua kama mmewahi kusamehe. Hata mkikosa maneno ya kitaalamu msiogope. Yule kiongozi wa njia alisema neno moja tu, baridi, nalo lilikuwa kweli kuliko kurasa zote zilizochapishwa London.

Fundisho la tatu ndilo lile alilofundishwa Petro. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Meyer alikuwa amejaribu mara mbili kabla ya hapo akashindwa. Alipofika alikiita kilele kwa jina la mfalme wa Ujerumani, akachukua jiwe la huko kwenda kumtunuku. Yuko wapi leo mfalme yule? Ufalme wake ulianguka mwaka 1918, na jina lake limefutwa mlimani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge na bendera ya nchi iliyokuwa ikizaliwa, na kilele kikaitwa Uhuru. Huyo naye, akiisha kusimika bendera, aliteremka. Meyer aliteremka. Wote wanaofika hukaa dakika chache, hupiga picha, kisha kiongozi wao huwahimiza kushuka, kwa kuwa mwili wa binadamu haukuumbwa kuishi mahali pale. Wazee wetu walilisema hilo kwa maneno matatu: mpanda ngazi hushuka.

Tuwakumbuke pia wale tusiowaona katika picha. Mgeni mmoja anapopanda Kibo, nyuma yake kuna wapagazi kadhaa, wanaoitwa huko mlimani wagumu. Hubeba mahema, vyakula, mitungi ya gesi na hata viti. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha mzigo wa mgumu kuwa kilo 20. Huondoka kambini baada ya mgeni, hufika kabla yake, na mgeni akifika hukuta chai imechemka. Usiku wa mwisho, mgeni anapopanda kileleni na kiongozi wake, wagumu wengi hubaki chini wakimngojea. Akirudi hupewa hati yenye jina lake, na katika hati hiyo majina ya waliombeba hayamo. Hatusemi hayo kumlaumu mgeni, maana amefika kwa jasho lake pia. Tunasema ili kila mmoja wetu ajiulize: hati yangu niliyoitundika ukutani, ya shule, ya ndoa, ya upadre, ya uongozi, ilibebwa na nani? Na je, nimewalipa? Mtume Yakobo anaonya vikali kwamba ujira uliozuiliwa wa vibarua una sauti, na sauti hiyo inamfikia Mungu. Anayeajiri mgumu akamlipa pungufu, anayemweka msichana wa kazi bila mshahara wala siku ya kupumzika, anayengoja kibarua achoke kudai, huyo anajenga kibanda kileleni na kuwaacha wenzake katika baridi.

Petro alitaka kukaa juu kwa sababu juu kulikuwa kuzuri. Nani asiyependa? Mwenyekiti wa halmashauri ya walei akishapata kiti hutamani kibanda. Kijana aliyesomeshwa kwa kahawa ya baba yake na ndizi za mama yake akishapata kazi mjini hutamani kibanda, na kijijini huonekana kwenye mazishi tu. Sisi mapadre nasi twatamani vibanda vyetu. Lakini kileleni hakuna maji, hakuna udongo, na hewa ni nusu. Anayejilazimisha kubaki huko hugandishwa. Mungu hutupandisha juu ili tuone, kisha hututeremsha ili tugawe, kama zile pepo za bahari zinavyotua mzigo wao msituni. Baba yetu Ibrahimu, tuliyemsikia katika somo la kwanza, alibarikiwa ili apate kuwa baraka kwa mataifa. Baraka isiyoteremka ni theluji isiyofika mtoni: huling'arisha jiwe, kisha jua huikausha.

Basi, ndugu zangu, tufanye nini katika wiki hii ya Kwaresima? Tungependa kuwaachia mambo matatu, yote ya bondeni.

La kwanza, msitu. Kila jumuiya ndogo ndogo na ijiulize ni kijito gani kinachoinywesha, na juu ya kijito hicho kuna miti au hakuna. Mvua za masika ziko karibu. Kupanda miche kumi ya asili kando ya chanzo cha maji, na kuilinda na mbuzi kwa miaka mitatu, ni mfungo mzuri kuliko kuacha nyama ya Ijumaa huku tukichoma mkaa wa msitu wa watu wote.

La pili, mfongo. Tunajua kwamba katika vijiji vingi wako ndugu wasiosalimiana kwa sababu ya zamu ya maji. Mmoja alifungua usiku, mwingine akafunga, panga likachomolewa. Maji yaliyotolewa na Mungu kwa ajili ya wote yamewatenga watoto wa tumbo moja. Wazee wa zamani walikuwa na utaratibu wa zamu, na aliyeuvunja alitozwa faini mbele ya watu. Mwenye ugomvi wa namna hiyo asingoje Pasaka. Aende jioni ya leo, kabla giza halijaingia, ampe jirani yake mkono juu ya mfongo.

La tatu, ujira. Anayedaiwa na mtu aliyembebea mzigo, uwe wa mlimani, wa shambani au wa nyumbani, amlipe kabla ya kuja kuungama.

Hayo ni madogo, nayo hayang'ai. Lakini Bwana wetu alipoteremka kutoka mlimani kazi ya kwanza iliyomngoja ilikuwa mtoto mgonjwa na baba yake aliyekuwa amekata tamaa. Utukufu wa juu ulikuwa wa saa moja. Kazi ya chini ilimfikisha Kalvari, nacho ni kilima kidogo kuliko vyote tulivyovitaja leo, na ndicho kilichotutolea maji yasiyokauka.

Kesho asubuhi, wale mnaokaa Moshi, Rombo, Siha na Hai, na hata majirani zetu wa Taveta na Loitokitok, mlima utajifunua kwa dakika chache kabla mawingu hayajaufunga. Uangalieni. Tazameni weupe uliobaki juu, mshukuru kwa kuwa mmeuona katika siku zenu. Kisha teremsheni macho mpaka kwenye ule mshipi wa kijani kibichi uliofichwa na ukungu, mkumbuke kwamba hapo ndipo mnaponyweshwa, na kwamba Mungu amewakabidhi mlinde.

Mwenyezi Mungu, Muumba wa milima na mabonde, atujalie macho ya kuona utukufu wake na miguu ya kuteremka nao kwa wenzetu. Awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.